Maji ya Bi Mwanatumu

Ukiwauliza watu wa mtaa wetu wa Kisauni habari za shangazi yangu Mwanatumu, watakwambia mambo mawili: kwamba aliokoa watoto wengi, na kwamba alimuua mmoja. La kwanza hulitaja juu juu, kama salamu ya mtu apitaye. Kwa la pili huvuta kiti kwanza. Mimi nimechoka kuwasikiliza. Mwanamke huyo ndiye aliyenilea, nilikuwepo mambo yalipotokea, na nitasema yalivyokuwa. Atakayechukia na achukie.

Wala simtetei. Zipo siku namkasirikia mpaka leo, na yeye yuko kaburini.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma kidogo ya barabara ya Malindi, nyumba ya Kiswahili ya ukumbi mrefu katikati na vyumba pande mbili, na ua nyuma wenye kisima alichochimba babu. Vyumba vya mbele tulikaa sisi, vya nyuma walikaa wapangaji. Maji ya kisima kile yalikuwa na chumvi. Tulijua, lakini kujua kwenyewe kulikuwa kama kujua kwamba una pua. Wali tulioupikia maji hayo hatukuutia chumvi. Sabuni haikutoa povu mpaka uisugue kwa hasira. Wageni kutoka bara wakipewa chai kwetu walinyamaza kwa adabu wakaiacha nusu kikombe, nasi wakishatupa mgongo tulicheka. Kwetu sisi hiyo ndiyo iliyokuwa ladha ya maji. Yale ya mfereji tuliyaona yamepooza.

Shangazi aliwahi kuolewa Likoni, akarudi. Watu husema aliachwa kwa sababu hakuzaa tena, na hiyo ni nusu ya habari. Alizaa mtoto mmoja, Jumaa, na Jumaa alipokaribia kutembea akashikwa na tumbo la kuharisha. Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Nana, alikuwa na amri moja katika jambo hilo na hakuna aliyeipinga: mtoto anayeharisha hapewi maji. Ukimpa unamwongezea. Mnyime, tumbo likauke, na ugonjwa utakauka nalo. Wanawake wengi wa zama zile waliamini hivyo, na hawakuwa wakatili. Waliona kwa macho yao maji yakiingia juu yakitoka chini, wakafuata walichokiona.

Jumaa alitambaa hadi pembeni mwa ukumbi palipokuwa na mtungi, akawa analamba udongo wa nje, pale mtungi unapotoa jasho. Nana akaamuru mtungi uhamishwe. Aliyeubeba ni shangazi mwenyewe. Mtoto alikufa kwa kiu, na mama yake alikuwa amesimama karibu na maji. Alinisimulia mara moja tu, tukichagua mchele, na hakuinua uso kutoka kwenye ungo. Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, na nilimchukia Nana, bibi ambaye sikuwahi hata kumwona.

Kwa hiyo mwaka wa themanini na nne, zahanati ilipowaita akina mama wa mtaa kufundishwa dawa ya kuharisha, shangazi alikaa mbele kabisa. Mwalimu alikuwa muuguzi kutoka bara aitwaye Margret, mwanamke mpole mwenye sauti kubwa. Alileta picha iliyochorwa, akaibandika ukutani: chupa tatu za soda zilizojaa maji yaliyochemshwa, vijiko vinane vya sukari, kijiko kimoja cha chumvi. Koroga, onja, mpe mtoto kidogo kidogo. Chumvi yake isizidi ile ya machozi.

Wanawake waliuliza kwa nini chumvi, na kwa nini sukari, na kwa nini maji haya yasipite tu kama mengine. Margret akaeleza vizuri, na namsifu kwa hilo. Alisema ukuta wa utumbo ni kama nyumba yenye milango midogo sana. Mtoto akiharisha, maji matupu hayaingii vizuri ndani ya mwili, hupita njia na kutoka. Chumvi ikienda peke yake hubisha hodi isifunguliwe. Lakini chumvi na sukari zikifika pamoja, mlango hufunguliwa, zinaingia zikiwa zimeshikana mkono, na maji huja nyuma yao.

"Kumbe sukari ndiyo kifungua mlango," akasema shangazi.

Wanawake wakaangua kicheko, na Margret akataka kuelezwa. Akaambiwa kwamba katika harusi za kwetu, bwana harusi akifika kwenye chumba cha bibi harusi hukuta mlango umefungwa, na somo, mwanamke aliyemfunda bibi harusi, yuko nyuma yake hafungui mpaka zitolewe fedha za kifungua mlango. Zikishatolewa, bwana harusi huingia, na shangwe humfuata. Margret alilipenda hilo, akawa analitumia kila anakofundisha, mpaka Changamwe. Sidhani aliwahi kusema limetoka kwa nani.

Kuanzia siku hiyo shangazi alipata kazi ya maisha, kazi isiyo na mshahara wala kitambulisho. Alikwenda nyumba kwa nyumba na kijiko chake, kanga ikiwa begani. Mabibi walimfukuza, wakamwambia analeta uzungu. Alikaa vizingitini akingoja bibi aende kuoga, kisha akamfundisha mama wa mtoto haraka haraka. Na watoto walinywa, na macho yaliyozama yakarudi mahali pake. Baada ya miaka miwili mitatu mabibi wale wale ndio waliokuwa wakituma watu kuja kuulizia maji ya Bi Mwanatumu. Jina likashika. Nilikuwa nikipita njiani naitwa mtoto wa maji ya Bi Mwanatumu, na sikuchukia.

Sasa sikiliza jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, si Margret, si shangazi, wala si wakubwa waliochora ile picha. Miaka ile maji ya kunywa tuliyachota kwenye mfereji wa mtaa, maji matamu yanayotoka mbali. Ya kisima yalikuwa ya kupikia na kufulia, ukiyanywa ni kwa uvivu wa kwenda kwenye mfereji. Shangazi alichukua maji ya mfereji akayatia kijiko chake kimoja, ikawa dawa. Ile picha ilichorwa na mtu aliyekunywa maji matamu tangu azaliwe. Hakuandika ni maji gani, kwa sababu kwao maji ni maji.

Mwaka wa themanini na tisa mifereji ilikauka. Si kwamba ilikatika siku moja. Ilianza kutoa hewa, kisha kutu, kisha ikanyamaza, na wakubwa wakatuambia tuvumilie. Wenye uwezo walinunua maji ya mkokoteni. Sisi wengine tukarudi kisimani. Kisima cha babu, kilichokuwa cha nyumba moja, kikawa cha mtaa mzima, ndoo zikishindana tangu alfajiri. Na kisima kikichotwa hivyo, maji laini ya juu huisha, na yale yatokayo upande wa bahari hupanda. Chumvi iliongezeka polepole, wiki hadi wiki, na ndimi zetu zikapanda nayo. Hakuna aliyelalamika. Nakumbuka tuliacha kuweka chumvi hata kwenye mchuzi, na hatukujiuliza.

Chumba cha mwisho upande wa uani alikaa Nyambura na mumewe Erastus, watu wa bara. Erastus alifanya kazi Kipevu, kwenye makontena, anaondoka mapema na kurudi amechoka hata kuongea. Nyambura alibaki na mtoto wao Kamau, mwenye mwaka na miezi, mtoto mnene mcheshi aliyependa kuvuta kanga za wanawake uani. Shangazi alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Nyambura naye alimwita shangazi Mama, akamwamkia kila asubuhi, na shangazi alimfundisha kupika wali wa nazi. Wanawake wa uani walimcheka Kiswahili chake, naye alicheka nao. Alikuwa mtu wa kujishusha, pengine zaidi ya ilivyompasa.

Kamau akaanza kuharisha asubuhi moja, na kufikia mchana akawa amelegea. Shangazi hakungoja kuitwa. Alitokosa maji ya kisima, akayapoza, akapima chupa tatu, vijiko vinane, kijiko kimoja. Akaonja. Akampa Nyambura naye aonje, kama alivyofundisha mama wote.

Nyambura alikunja uso. "Mama, hii maji iko na chumvi mingi."

Shangazi akaonja tena. Nilimwona, alionja kwa makini, hakufanya mzaha. "Chumvi yake ni ya kawaida, mwanangu. Haizidi machozi. Nyinyi watu wa bara ndimi zenu ni za mtoni, hata chai yetu huwashinda."

Wanawake waliokuwa wakifua wakacheka. Mmoja akaigiza, "Iko na chumvi mingi," na Nyambura akatabasamu kwa haya. Akanipa mimi kikombe, labda akitarajia nitakuwa upande wake. Nikaonja. Wallahi nilionja maji, na nikasema hivyo.

Kamau aliyapokea kwa pupa. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akalia apewe tena. Shangazi alifurahi. Kwake yeye mtoto anayekunywa ni mtoto anayepona, na hiyo ilitosha. "Yuwanywa, alhamdulillahi," akawa anasema, na kila akimaliza alimwongezea. Alimfinya ngozi ya tumbo, kama alivyofundishwa, aone kama inarudi. Ikarudi. Hakujua, na hakuna aliyemwambia, kwamba kukauka kwa aina ile hakuonekani kwenye ngozi. Ngozi hubaki laini kama donge la unga wa maandazi, na kumbe ndani ndiko kunakokauka.

Alasiri ile kilio cha mtoto kilibadilika. Kikawa chembamba, kikali, hakina pumzi katikati. Aliponyamaza alilamba midomo. Nyambura alimbeba, akamtembeza, kisha akachukua jagi lililobaki akalimwaga chini, karibu na mtaro wa maji machafu. Shangazi alikuwa anatoka kuswali.

"Wafanya nini?"

"Mama, sitaki kumpa hii tena. Anakunywa na kiu inazidi. Nitamtafutia maji ingine."

"Utayapata wapi maji mengine? Wataka kumnyima maji mtoto mgonjwa, mbele ya macho yangu?"

"Simnyimi maji. Ni chumvi ndio sitaki."

Hapo ndipo shangazi alipokosea, na ndipo ninapomkasirikia, na ndipo ninapomhurumia vilevile. Hakumsikia Nyambura. Alimsikia Nana. Aliona mkono wa mtu mzima ukimwondolea maji mtoto anayelilia kunywa, na akili yake yote ikarudi Likoni. Akampokonya mtoto. Akaketi naye kwenye kibao chake, akaniamuru nilete maji mengine, akapima upya, akamnywesha kwa kijiko mwenyewe, akimbembeleza. "Hapana mtoto atakayekufa na kiu nyumbani mwangu," alisema. Nyambura alisimama mlangoni mwa chumba chake, mikono imening'inia. Alikuwa mpangaji, alikuwa mgeni, na alikuwa ameshasema mara mbili. Mwanamke aliye katika hali hiyo hasemi mara ya tatu, hasa mbele ya mtu anayesifiwa na mtaa mzima.

Jua lilikuwa halijatua Kamau alipoanza kutetemeka. Kwanza mkono, kisha uso upande mmoja, kisha mwili mzima. Tukapata gari, tukavuka daraja la Nyali kwenda hospitali kubwa kisiwani. Nyambura alimpakata mtoto wake na hakumruhusu mtu kumgusa. Chini ya leso alikuwa amebeba chupa. Sikujua ni ya nini mpaka tulipofika.

Tulipokewa na tabibu mmoja aitwaye Ngowa, Mgiriama mwenye ndevu nyeupe kidogo, asiyepandisha sauti. Alimtazama mtoto, akamtoa damu ya kupima, akamlaza na kumwekea maji ya mshipani yakidondoka polepole. Nyambura akampa ile chupa. "Hii ndio amekunywa," alisema, basi.

Ngowa alimimina kidogo kiganjani, akaonja, akaenda dirishani akatema. Kisha akauliza ni nani aliyeyatengeneza.

"Ni mimi," akasema shangazi. "Nimepima sawasawa. Kijiko kimoja."

"Kwa maji gani?"

"Ya kisimani kwetu."

"Bi Mwanatumu," Ngowa alisema, maana jina lake alikuwa akilijua, mtaa mzima na ng'ambo walilijua, "ukitengeneza kachumbari, kitunguu wakifanyaje?"

"Nakikata, nakitia chumvi."

"Halafu?"

"Chatoa maji. Kisha nakikamua."

"Kabla hujakikamua, hayo maji yametolewa na nani?"

Nilimwona shangazi ameanza kuelewa, na natamani nisingemwona.

"Hayakutolewa na mtu," Ngowa akasema. "Kitunguu kimejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila kijumba kina utando. Chumvi haipiti utando ule ovyo ovyo. Maji hupita, yanaingia na yanatoka, na siku zote huelemea upande wenye chumvi nyingi. Ukiweka chumvi nje, ya ndani yanatoka kuifuata, na kitunguu kinalegea. Mtoto naye ni seli hizo hizo. Kisima chenu peke yake kilikuwa na chumvi ya kutosha, pengine na ziada. Wewe ukaongeza kijiko. Maji yaliyokuwa mwilini mwake yametoka kwenye seli kuifuata chumvi ile. Yametoka mpaka kwenye ubongo."

"Na sukari?" akauliza shangazi.

"Sukari ilifanya kazi yake. Iliifungulia chumvi mlango ikaingia kwenye damu."

Nyambura alikuwa nyuma yetu, ameegemea ukuta, na alisikia kila neno. Erastus alikuja baadaye na vumbi la Kipevu kwenye viatu, akaketi chini kwenye korido. Kamau alikufa kesho yake, mchana, mama yake akimshika mguu.

Walimzika, kisha wakahama. Erastus alitoa vyombo peke yake, Nyambura hakurudi nyumbani kwetu hata kuchukua sufuria zake. Shangazi alimfuata hadi kwenye nyumba mpya, ng'ambo ya barabara, akapiga magoti ukumbini mbele ya watu. Nyambura alimwinua. "Mama, amka," alisema, na akaingia chumbani. Shangazi alirudi amejifunika uso. Angalitukanwa angaliona nafuu.

Na mtaa? Mtaa ulipata chakula cha maneno. Wale waliocheka kisimani hawakukumbuka kwamba walicheka. Yule aliyeigiza maneno ya Nyambura ndiye aliyezunguka akisema, "Mimi nilimwambia Bi Mwanatumu." Nilimkabili siku moja mbele ya duka, nikamuuliza alimwambia lini, saa ngapi, kwa mdomo upi. Akaniita mtovu wa adabu. Nikakubali.

Lakini hayo hayakumuuma shangazi kama lililofuata. Alikwenda zahanati akawaambia waandike kwenye ile picha kwamba maji ya kisima yasiongezwe chumvi. Margret alikuwa amehamishwa. Aliyekuwepo akamwambia picha hutoka Nairobi na haiandikwi juu yake. Basi akarudi kwenye kazi yake ya nyumba kwa nyumba, na safari hii alikuwa na jambo la kweli zaidi kuliko la kwanza. Alibisha, akasema: mifereji imekauka, mnakunywa ya kisima, basi tieni sukari tu, au chumvi chembe, chembe tu. Watu walimtazama. Mwanamke aliyewaapia kijiko kimoja sasa anawaapia chembe. Kesho atasema nini?

Hawakuchukua sukari tu. Hawakuchukua chembe. Walichosikia ni kwamba maji yaliua mtoto, na mabibi waliokuwa wamenyamaza miaka kadhaa wakainuka vitini: si tuliwaambia? Mtoto anayeharisha hapewi maji. Mtungi ukahamishwa tena katika nyumba nyingi za Kisauni. Nafahamu watoto wawili waliokauka hivyo kabla mifereji haijarudi, nawafahamu kwa majina na nyumba zao nazifahamu, na hakuna anayesema kwamba mtu aliwaua. Shangazi alisimama nje ya nyumba mojawapo akiita hodi mpaka sauti ikakauka. Walimjibu kwa ndani kwamba mgonjwa amelala. Hilo, ukiniuliza, ndilo lililommaliza. Kamau alimvunja moyo, ila wale wawili walimfanya azeeke.

Miaka ikapita hivyo. Aliacha kuzunguka. Alifuma mikeka, aliswali, na akila hakuamini tena mdomo wake. Alinipa mimi nionje mchuzi, nami ulimi wangu ni wa kisima kile kile.

Kisha zikaja mvua kubwa za mwisho wa mwaka wa tisini na saba. Vyoo vilifurika, visima vikafurika, mifereji ikakatika tena, na kipindupindu kikaingia kila uchochoro. Zahanati iligawa pakiti za dawa mpaka zikaisha. Barabara ikajaa maji, gari halipiti. Jirani yetu Bakari alikuwa na binti mdogo aliyeharisha maji meupe tangu asubuhi, na mkewe akaja kwetu kwa mlango wa uani, akijifunika watu wasimwone. Watu wote wale waliomkimbia, na bado walijua wakizidiwa waende wapi.

Shangazi alitokosa maji, akatia sukari. Kwenye chumvi mkono ukasita. Kisima kilikuwa kimechanganyika na mvua, hakuna aliyejua sasa kina chumvi kiasi gani. Ikiwa ndogo mno, mlango wa utumbo haufunguki na maji yanapita tu. Ikiwa nyingi mno, tulishaona. Akatia chembe, akaonja, akanipa nionje. Tukatazamana kama vipofu wawili wanaoulizana rangi.

"Mimi siisikii," akasema. "Nawe huisikii. Chukua mwavuli."

Nilijua tunakokwenda na nilimkataza. Alikuwa ameshatoka. Tulivuka barabara maji yakiwa magotini, yeye ameshika jagi juu ya kichwa, tukafika nyumba ya Nyambura. Alifungua mwenyewe. Alikuwa amenenepa, ana mtoto wa kike mgongoni. Hakumwamkia shangazi, na hakutukaribisha ndani.

"Mwana wa Bakari yuwafa," shangazi alisema. "Pakiti hakuna. Nimechanganya, lakini sijui kama chumvi imezidi. Sina ulimi wa kujua. Nakuomba uonje."

Nyambura alilitazama jagi kwa muda. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa nguvu, na nilidhani hakusikia. Kisha akalichukua, akamimina kidogo kwenye kiganja, akaonja, akatema pembeni.

"Iko juu," alisema. Akaingia ndani, akarudi na kidumu cha maji matamu aliyokuwa akiletewa na Erastus kutoka kazini. Akapunguza yetu, akaongeza yake, akatia sukari kijiko, akakoroga, akaonja. Akaongeza tena. Alifanya hivyo bila haraka na bila kutuangalia. Mwisho akampa shangazi jagi, na kile kidumu pia.

"Sasa iko sawa. Mpelekeeni. Ikiisha, mrudi nionje ingine."

"Mwenyezi Mungu akulipe, mwanangu," shangazi akasema.

Nyambura alimpangusa mtoto wake mvua usoni. "Mama," alisema, "hii ulimi, siku ile pia nilikuwa nayo."

Akafunga mlango. Hakuubamiza.

Tulirudi kwake mara kadhaa siku ile na iliyofuata, naye alionja kila mara, na hakusema neno jingine. Binti wa Bakari alipona. Mvua zilipokatika, baba yake na mama yake walikuja ukumbini kwetu na sinia ya biriani, wamevaa vizuri, kumshukuru shangazi. Hakuipokea. Aliwaambia wakamshukuru Nyambura, akawaelekeza nyumba, ng'ambo ya barabara, mlango wa tatu. Wakasema inshallah watakwenda.

Hawakwenda.